Tofali Mbili kwa Wimbo

"Mlikuwa mnacheza nyie," msimamizi alisema, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

Nilikuwa nimesimama mbele yake saiti, hapa Bariadi mjini, khanga imekazwa kiunoni ili mgongo ushike. Mama yangu alikuwa nyuma yangu, kambeba mwanangu, kwa sababu mimi siwezi tena kumwinua. Nilikuja na ombi moja: akubali kwamba niliumia kazini kwake, nitibiwe.

Huo anaouita mchezo ni huu. Sisi Wasukuma tukienda kulimiana shamba hugawanyika pande mbili, tunaimba, tunatupiana maneno, na jembe linakuwa jepesi. Yeye kwao Dutwa, Msukuma mwenzetu, anajua vizuri. Siku niliyoumia, lori la tofali lilipofika, akatugawa mwenyewe: huku nyie, kule wale, watakaoshindwa ni wala uji, watu wasio na nguvu. Tukaimba kweli. Upande wa pili wakaanza kujitwisha tofali mbilimbili. Mwenzangu akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, leo tunakunywa uji?" Nikainama, nikatwishwa ya pili juu ya ile ya kwanza. Katikati ya mbao za kupandia ghorofani nikasikia kitu kinakatika kiunoni. Nilipopiga magoti walidhani ni madaha. Wakashangilia.

"Nani alikulazimisha mbili?" msimamizi aliendelea. "Mimi nilisema bebeni tu."

"Na pande mbili aligawa nani?"

"Sasa mayu, kuimba nako ni kosa?"

"Imba wewe basi, na tofali kichwani. Sisi tuhesabu!"

Wakorogaji wa zege waliacha makoleo. Mmoja akaguna, "Hapo bosi umeshikwa." Msimamizi akanipungia mkono kama anayefukuza kuku. "Nenda popote unapotaka."

Nikaenda. Kwenye bajaji kila shimo lilinipiga mgongoni, mama akisema, "Nyamaza mwanangu, watakuharibia." Sikunyamaza. Kwenye ofisi ya kazi ya mkoa, afisa alinipa karatasi na onyo: andika kilichotokea, matusi yabaki nyumbani. Nikaandika:

"Nalalamika kwamba msimamizi alitushindanisha kubeba tofali ili lori lishushwe haraka, nami nikaumia mgongo nikiwa kazini. Naomba alazimishwe kukubali hivyo na nitibiwe. Naomba pia lori linalofuata lishushwe tofali moja moja, bila pande mbili, kwa sababu wenzangu bado wako pale."