Anti Rodah na Dansi ya Tumbo

Kila asubuhi, kabla Kogo, nyanya yangu, hajashika kopo la sukari, Anti Rodah alikuwa ameshachota chai yake. Kwetu sukari hutiwa ndani ya sufuria, ichemke pamoja na maziwa na majani, kwa hivyo ukichelewa kidogo unakunywa ya watu wote. Yeye hakuchelewa. Alichota kikombe kimoja chai ikiwa bado nyeusi, akakinywa amesimama mlangoni, akiangalia shamba. Halafu alichukua leso, akaifunga chini ya kiuno, akaikaza sana, akaenda nyuma ya kibanda cha ndama.

Hapo ndipo alipocheza. Miguu haikutoka mahali pake. Magoti yalilegea, kiuno kikazunguka polepole kama mtu anakoroga uji mzito kwa mwiko mrefu, kisha tumbo likaingia ndani na kutoka, likaingia na kutoka. Hakukuwa na wimbo. Ulisikia tu ndama akitafuna na yeye akihema. Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe upande wa pili wa mbao. Alijua niko hapo, na hakujali.

Anti Rodah alikuwa mke wa baba yangu mdogo, Kimeli, ambaye alikuwa mlinzi huko Nakuru na alikuja nyumbani mara moja moja. Mimi niliishi kwa Kogo, mama yao, tangu nilipoacha shule darasa la tano. Boma letu liko chini ya Sosiot, ukishuka kama unaenda mtoni, na shamba lote ni chai isipokuwa kipande cha mahindi na nyasi ya ng'ombe.

Zamani Anti hakuwa hivyo. Alipenda chai tamu kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Lakini siku moja alianguka katikati ya chai, kikapu kimejaa mgongoni, na tulipomgeuza alikuwa anatoka jasho baridi. Hospitali ikasema ni ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze sukari na mandazi na ule ugali mweupe wa kujaza sahani, ale mboga, maharagwe na wimbi, na mwili upate zoezi.

"Zoezi gani tena?" akamuuliza daktari. "Mimi nachuma chai kutoka asubuhi mpaka lori ije."

Daktari akamwambia kuchuma kunamchosha mgongo lakini hakuunyoshi, atafute kitu kingine cha kuongezea.

Hicho kingine alikipata kwa mke wa Mmisri. Kulikuwa na fundi kutoka Misri aliyeletwa kufunga mashine mpya kwenye kiwanda cha chai, na Anti alikuwa akienda kwao kufua nguo. Mke wake aliitwa Madam Nadia. Siku moja alimkuta Anti amejishika mgongo mbele ya karai, akamvuta ndani, akamfunga kitambaa kiunoni na kuanza kumwonyesha. Alisema kwao wanawake hucheza kwa tumbo kwenye harusi, na bibi yake alicheza hivyo mpaka akazeeka, akiwa amenyooka. Mashine zilipokwisha fungwa, wale watu walirudi kwao. Dansi ilibaki na Anti.

Mpaka kufika ile mvua ya El Nino, alikuwa amekuwa mtu mwingine. Alipungua, macho yakang'aa, akaacha kukanyaga kwa kuvuta mguu. Kogo aliona. Lakini Kogo alikuwa na shida na kikombe.

"Majani tunachuma sisi, ng'ombe tunakamua sisi," alisema kila siku, "na mke wa mwanangu anakunywa chai nyeusi kama mtu wa jela. Watu watasema mimi ndiyo namnyima."

"Waambie nimekataa mwenyewe, Kogo."

"Nikiwaambia hivyo ndiyo mbaya zaidi."

Na kweli ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya zamu. Wanawake wa kwetu huchuma chai kwa zamu: leo wote wako shamba la huyu, kesho la yule. Wakati wa mvua chai hukimbia kukua, na ukichelewa kuirudia, jani linakomaa, karani wa kituo cha majani anakurudishia kikapu mbele ya watu. Mtu mmoja peke yake hawezi. Na zamu hufungwa kwa birika. Mwenye shamba anapika chai kwenye birika moja kubwa, na kila mtu aliyechuma anakunywa hapo. Kama kulikuwa na neno kati yenu, mkishakunywa limekwisha. Asiyekunywa amebaki na neno.

Kwa hivyo Anti alipoanza kuja na chupa yake ya maji, watu walihesabu kwamba ana neno.

"Rodah," Tecla akamwambia mara ya kwanza, "kwani chai yangu ina nini?"

"Ina sukari, mama."

"Unaogopa sukari ama unaniogopa mimi?"

Wengine walicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Tecla ndiye aliyepanga zamu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na akisema kesho ni kwa fulani, kesho ni kwa fulani.

Tecla alikuwa na mke wa mwanawe, Janeffer, aliyeolewa na Kipchirchir. Walikuwa wamekaa miaka bila mtoto, na hilo lilisemwa kila mahali isipokuwa mbele yao. Janeffer alikuwa mdogo lakini mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa vikapu. Jumamosi moja alikuja kwetu akisema ameleta mbegu za maboga. Alikaa sana. Mwishowe akauliza, akiangalia chini, "Mama, ni kweli ule mchezo ulikutoa maumivu?"

Anti alitoa leso ya pili, akaniambia nifunge mlango.

"Si hivyo!" Anti alimwambia baadaye kidogo. "Wewe unatikisa matako kama gari imekwama kwa tope. Tumbo, Janeffer. Lipande, lishuke."

"Mama, tumbo langu halina kitu cha kupandisha."

"Kwa sababu unakula kama kuku. Leo utakula hapa."

Walicheka mpaka Janeffer akakaa chini. Anti alimpakulia mboga ya managu iliyopikwa kwa maziwa lala, na ugali wa wimbi mdogo kwa kando. Janeffer alikula yote, akafuta sahani kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Nyumbani hakuna mahali nacheka."

Akawa anakuja kila Jumamosi. Baada ya muda aliinua kikapu bila kushika kiuno, nikaona na sikusema kitu. Halafu Jumamosi moja, wakiwa katikati, niliona kivuli kwenye dirisha. Alikuwa Kipchirchir, amekuja kumtafuta mke wake. Hakubisha mlango. Alisimama akaangalia, akaondoka, na Janeffer akabaki na mikono hewani.

Jumatatu, kwenye kituo cha majani, tukingoja lori, niliwasikia wanawake wakisema.

"Ndiyo maana msichana wa watu hashiki mimba. Anatikiswa tumbo, inatoka hata kabla haijajulikana."

"Na chai yetu hanywi. Ulidhani ni bure?"

Nilirudi nikamwambia Anti. Alikuwa anachambua managu. Mikono ilisimama.

"Wamesema hivyo Janeffer akiwa hapo?"

"Alikuwa hapo."

"Akasema nini?"

"Aliangalia tu kikapu chake."

Akaendelea kuchambua, lakini sasa alikuwa anatupa majani mazuri pamoja na mabaya.

Zamu ya Jumatano ilikuwa kwa Tecla. Ya Ijumaa ilikuwa yetu, na chai yetu ilikuwa imeshafika kifuani. Jioni ya kuamkia Jumatano Kogo alivuta kigoda karibu na moto.

"Kunywa tu," akasema. "Kikombe kimoja hakiui mtu. Hata daktari muulize."

"Kingekuwa kimoja ningekunywa, Kogo. Zamu si ya siku moja. Nikinywa kwa Tecla, nitamkatalia nani tena?"

"Na shamba la mwanangu likikomaa, tutakula hiyo dansi?"

Nilijua Kogo hasemi kwa ubaya. Ile chai ndiyo ilikuwa chakula chetu sote. Baadaye Anti akasema, "Nitakunywa. Kwa ajili yako."

Kwa Tecla tulichuma kimya. Ulisikia tu majani yakikatika na mvua ikigonga nailoni tulizojifunika. Hakuna aliyechuma kwenye mstari wa karibu na Anti. Saa ya birika tuliingia ndani, tukabanana kwenye viti na benchi, nguo zikitoa mvuke. Kipchirchir alikuwa amesimama mlangoni. Wanaume huwa hawaji kwenye birika la zamu. Hakuna aliyemwambia atoke.

Tecla alimimina kikombe cha kwanza, akakiweka mbele ya Anti Rodah. Ilikuwa chai nzito ya maziwa, unausikia utamu kabla hujaonja.

Anti alikichukua. Alikiinua mpaka mdomoni, na niliona shingo yake ikijitayarisha kumeza.

"Ngoja," Tecla akasema. "Chai ni jambo moja. Liko la pili. Useme mbele ya hawa wote kwamba ulimtikisa mke wa mwanangu tumbo, na kwamba umeacha huo mchezo wa tumbo, peke yako na hata na mtu mwingine yeyote. Halafu unywe. Ukishakunywa imekwisha, na Ijumaa tuko kwako na vikapu. Ukikataa, hakuna mkono wa mtu utagusa chai yako."

Anti alishusha kikombe lakini hakukiachilia.

"Janeffer alikuja na mgongo," akasema. "Nilimwonyesha kile kilichonisaidia mimi. Hakuna mimba niliyotoa. Wanawake wa huko Misri wanacheza hivyo na wanazaa, sijui kama mnafikiri watu wa Misri wanaota kama uyoga."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka kidogo, akageuza kuwa kikohozi.

"Msiniulize mimi," Anti akasema. "Muulizeni yeye."

Wote tukamgeukia Janeffer. Alikuwa karibu na jiko, amekumbatia kikombe kwa mikono miwili. Alimwangalia Tecla, akaangalia mlangoni.

"Sema," Kipchirchir akamwambia.

"Aliniita," Janeffer akasema. Sauti ilikuwa kama ya mtoto. "Mimi sikutaka. Niliogopa kumkatalia."

"Mmesikia," Tecla akasema.

Nilitaka kusema. Mimi ndiye niliyefunga mlango, mimi ndiye niliyepokea zile mbegu za maboga. Anti akaniangalia mara moja, na nikajua hataki. Kisha akamgeukia Janeffer, si kwa hasira, kama vile wako wawili tu nyumbani kwetu.

"Janeffer, mgongo bado unauma?"

"Hapana," Janeffer akasema.

Lilimtoka tu. Alijishika mdomo, lakini kila mtu alikuwa amesikia. Hata mvua ilionekana kupungua. Kipchirchir alimwangalia mke wake kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Basi usiache," Anti akamwambia Janeffer.

Akakiweka kikombe mezani, kimejaa vile vile. Akasimama, akakaza leso yake kiunoni, akachukua kikapu kilichokuwa kando ya mlango.

"Rodah," Tecla akasema, na sasa sauti yake haikuwa kubwa, "ukitoka hapo, umetoka kwenye zamu. Huyo mama mzee wako, fikiria atachuma na nani."

"Nimefikiria tangu jana."

"Hutarudi hapa."

"Najua, mama."

Kipchirchir alisogea, akampa njia. Nilishika kikapu changu nikamfuata, nikasimama barazani kutafuta nailoni yangu. Yeye hakungoja nailoni. Alipita katikati ya chai ya Tecla, ile tuliyotoka kuichuma, maji yakimchuruzika mgongoni, hatua zake ndefu na sawa, bila kuvuta mguu. Nyuma yangu kikombe chake kilikuwa pale mezani, maziwa yameanza kushika ngozi juu, na kila mwanamke alikuwa anaangalia kile kikombe badala ya kunywa chake.

Hakugeuka. Hajakanyaga tena kwa Tecla mpaka leo.