Mchumba Aliyekataa Kuitwa Mpunjabi

Siku ya posa ya mdogo wangu, kwetu Miyuji, nilikaa naye nyuma ya pazia la sebule, nimemshika mkono. Mkono wa baridi! Baba alishawakataa wachumba wawili, na alishaapa kwamba huyu wa tatu akikosea adabu hata kidogo, basi tena.

Huyu wa tatu alikuwa Mpakistani kutoka Multan, fundi wa pampu za visima huko Chamwino. Kwenye posa mwenye kuoa hafungui kinywa, anasemewa na mshenga. Wake alikuwa mzee mmoja muuza vipuri, aliyeanza vizuri, heshima tele, mpaka alipofika kwenye ukoo.

"Kijana wetu ni Mpunjabi," mshenga akasema.

"Hapana, mzee wangu," mchumba akadakia. "Mimi Msaraiki."

Weee! Mdogo wangu akanibana vidole. Mshenga akacheka kwa aibu, akasema ni yale yale tu, wote si watu wa Punjab?

"Si yale yale," kijana akamgeukia baba. "Kisaraiki ndiyo lugha ya mama yangu. Ananiombea dua kwa hiyo. Nikiingia kwako kwa uongo, baba, utaniamini lini?"

Nilimlaani kimoyomoyo. Mpumbavu we, si ungenyamaza tu? Baba alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai. Niliogopa, sikufichi.

Sisi ni Wasandawe wa Chemba. Baba ameendesha magari ya serikali mpaka akastaafu, kazini wakimwita Mrangi, kabila la jirani zetu, naye akiitika. Shangazi akija kutoka kijijini akamsemesha kwa lugha yetu, ile ya kugonga ulimi, baba anamjibu Kiswahili. Sisi watoto hakutufundisha hata salamu. Alisema mjini watatucheka.

"Walikucheka?" baba akamuuliza mchumba ghafla.

"Shuleni walinichapa, baba."

Baba akaweka kikombe chini. Akamwambia maneno marefu kwa Kisandawe, ulimi unagonga waziwazi mbele ya wageni. Mchumba hakuelewa chochote, lakini aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Kisha baba akasema kwa Kiswahili, "Mke umepata."

Mdogo wangu akaniangukia kifuani analia. "Dada, baba kamwambia nini pale? Kwa Kisandawe, kasema nini?"

Nina miaka arobaini na mbili, mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nikamwambia sijui.