Kisima Nilichompa Babu

Jamani, mnaotaka kucheka chekeni, lakini aibu hii hata mke wangu, niliyemuoa baadaye, sijawahi kumsimulia. Miaka ile intaneti kafe ndiyo zinaanza kufunguliwa hapa Dodoma, na mimi (mwalimu wa historia, mjuaji wa mtaa) nikagundua kuna ensaiklopidia ya mtandaoni inayoandikwa na yeyote, basi nikaandika ukurasa wa Majengo, mtaa wetu, na kwa kuwa ulikuwa mfupi nikaongeza kile kisima chetu cha sadaka, eti kilichimbwa na babu yangu. Babu alichimba nini! Alishika kamba siku mbili akaumwa mgongo.

Mhariri mmoja nisiyemjua akaniandikia: chanzo chako ni kipi, na je, una undugu na mtu huyu? Maana sheria zao hazitaki uandike bila ushahidi, wala uwasifu watu wako. Nikajibu, "Sina undugu naye," na kwenye chanzo nikaweka "wazee wa Majengo". Nimemkana babu mzaa baba ili nimsifu, mnaiona akili hiyo?

Mwaka uliofuata akafariki Mzee Salumu, mchimbaji mwenyewe wa kile kisima. Kwenye hitima mwanawe Idi, aliyekulia Tabora kwa mjomba wake, akanipa karatasi alizochapisha kafe bila kuzisoma vizuri. "Mwalimu, tusomee wasifu, nimeona humo wameandika na kisima cha baba." Kutazama, ukurasa wangu! Nikasoma haraka haraka nikakiruka kisima, Idi akadakia, "Umeruka, mwalimu, hapa!" akaniwekea na kidole, na mimi, badala ya kusema nilidanganya, nikasoma jina la babu yangu.

Upande wa wanawake nikamsikia mjane, Bi Mwanaidi: "Mwanangu, udongo wa kile kisima nimeubeba kichwani na mimba ya huyo Idi. Hata arobaini haijafika, mmeshampokonya mume wangu?"

Nikakiri palepale, nalia. Kesho yake nikaenda kurekebisha, yule mhariri akarudisha maneno ya zamani: kijitabu cha historia ya mji kilishanakili ukurasa wangu, kwa hiyo uongo una kitabu, na ukweli una bibi mmoja asiyejua kusoma. Tangu hapo sijaandika habari za mtu wa damu yangu, wala sitaandika. Bi Mwanaidi nikimwamkia shikamoo, anafunga mlango.