Aliyeomba Asirudishwe

Kwa miaka thelathini nilishika rejista za vifo katika ofisi moja ya komini, yaani serikali ya mtaa, hapa Kisangani, wala sikuwahi kutia sahihi chini ya jambo nisilolihakiki. Haya ninayowasimulia nayatia sahihi. Niaminini.

Tangu nistaafu, alasiri zangu huishia katika ukumbi wa video wa Tonton Jean, karibu na maporomoko ya Tshopo. Mnacheka? Mzee naye hupenda mapigano yaliyopangwa vizuri. Mwezi uliopita niliona filamu ya dereva wa lori anayepambana na majambazi juu ya daraja la reli, na nasema bila kuficha: ni kazi ya ustadi, kila ngumi unaona ilikotoka na inakofikia. Kinachonikera ni maiti. Watu kumi na tisa wanaanguka, niliwahesabu, na hakuna hata mmoja anayetajwa jina. Ni utawala gani huo?

Michezo ya mashine naipenda zaidi, hasa ule wa askari wawili wanaovuka mto chini ya risasi. Mmoja akizama, mwenzake hubonyeza kitufe na kumrudisha. Niliuona kuwa mchezo wenye utaratibu.

Siku moja nilikuwa nikicheza peke yangu. Mwanamume wa miaka kama thelathini akaketi kando yangu, suruali imelowa hadi kiunoni, akachukua kidhibiti cha pili. Nikadhani ni mvuvi anayetoka kazini. Mashine ikaomba jina, akaandika Lotika. Katikati ya mto askari wake akazama. Nikamrudisha. Akazama tena, nikamrudisha tena. Mara ya tatu akasema kwa upole:

"Papa, usinirudishe."

"Kijana, ndiyo sheria ya mchezo. Huwezi kuondoka hivi hivi."

"Ni vile ulimuambia mama yangu."

Kidole changu kikakwama juu ya kitufe. Nilimkumbuka mama mmoja wa Lubunga, wa siku zangu za ofisini. Alikuja na mashahidi wawili waliomwona mwanawe akichukuliwa na maji ya maporomoko, akaweka kasia la mwanawe lililovunjika juu ya rejista yangu. Likalowesha ukurasa, nikakasirika. Nikamwambia: bila maiti, hakuna cheti. Nami nilijua fika kwamba mahakama ingeweza kutamka kifo kile. Sikumwelekeza.

"Wajomba walikatala kumaliza matanga," akaendelea. "Bila karatasi, walisema pengine nitarudi. Kila magaribi mama alikuwa ananiwekea sahani ya lituma. Mupaka leo mama iko na nguo nyeusi. Uniache, papa. Nilichoka kurudi."

Umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, taa zikazimika. Skrini yetu peke yake ikaendelea kuwaka. Niambieni, iliwaka kwa nguvu gani? Askari wake alikuwa akizama. Nikaondoa kidole. Maji yalipomfunika, skrini ikazimika, na kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu, kikidondosha maji.

"Jean, yule bwana amepita wapi?"

"Bwana gani, papa? Tangu saa nane uko unabishana na kiti! Bon, na haya maji, nani atapanguza?"

Asubuhi nikavuka kwa pirogi hadi Lubunga, nikaulizia nyumbani kwa Lotika. Dada wa Lotika alinipokea mlangoni. Nikamwuliza mama yuko wapi.

"Mama? Tulimuzika wakati wa mvua, na ile nguo yake nyeusi. Alikatala tumuvulie. Alisema mutoto wake hakufa, kwa sababu serikali ilikatala."

Nikamweleza njia ya mahakama. Maelezo yenyewe hayakumaliza dakika mbili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tu:

"Sasa kwa nini yeye hukumuambia?"

Yale majina mawili, la mama na la mwana, nimeyaandika katika daftari langu la nyumbani, kwa wino mweusi, kwa mwandiko wangu wa ofisini. Hayana muhuri, kisheria hayana thamani yoyote.

Filamu bado naziangalia, ila raha imekwisha. Kila anayeanguka, nasikia mdomo wangu ukiuliza kwa sauti, "Huyu jina lake nani?" na ukumbi mzima unacheka.

Nanyi mnaokaa nyuma ya meza zenye mihuri, mama akija na kasia, msitazame maji yanayodondoka juu ya karatasi zenu. Na siku mtu aliyelowa atakapoketi kando yenu, akawaomba msimrudishe, ondoeni kidole. Mwulizeni jina lake, mliandike.