Nyama Iliyogoma Siku ya Posa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Gongo la Mboto, niliokoa posa ya dada yangu Rehema. Nyumbani wanasema ni Mungu. Sawa, ila miguu iliyokimbia ilikuwa yangu.

Wakwe walikuwa wanakuja saa nane. Mama alinunua paja zima la ng'ombe ili mtaa ujue. Aliita watu wote isipokuwa shangazi, dada yake baba, aliyekaa nyumba ya pili. Walikuwa wamenuniana tangu Pasaka. Na kwetu posa haipokelewi bila shangazi wa binti. Mama alilijua hilo, akajikausha.

Nyama ilibandikwa saa moja asubuhi. Saa sita bado ngumu kama tairi. Kuni zikaongezwa, papai bichi likatiwa, wapi.

"Nyama ya kinyongo haiivi," bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Hata Mithali inatuambia, bora majani kwa wanaopendana kuliko ng'ombe wa mafuta kwa wanaochukiana."

"Hili ni dume zee tu, mama," mama akamjibu.

Rehema alikuwa ameshaanza kulia, wanja unamshuka mashavuni. Mie sikungoja kikao.

Nilimkuta shangazi jikoni kwake anaunga mchicha kwa nazi.

"Shikamoo shangazi. Nyama imegoma, inakutaka wewe."

"Marahaba. Mwambie mama yako aichemshe na majivuno yake."

"Yameshachemshwa, shangazi. Nayo hayaivi."

Akajikaza asicheke, akashindwa. Akajifunga khanga, akabeba sufuria lake, tukaja.

Mama alimtazama pale mlangoni mpaka nikajuta. Kisha akampokea lile sufuria.

"Wifi, nimekukosea. Ingia, mtoto ni wako."

Wakwe walikula ugali kwa mchicha, wakaomba waongezewe. Shangazi akaipokea posa kwa vigelegele vilivyosikika hadi kituoni. Nyama ikaja kuiva jioni, wageni wameshaondoka. Tukaila wenyewe, mama na wifi yake sinia moja.

Shule niliiacha kidato cha pili, ila leo ni mpishi wa shughuli, na Temeke nzima haniwezi mtu kwa pilau. Bisha. Yawezekana kweli lile lilikuwa dume zee. Nimeshapika mengi, nayajua. Lakini watu wakiniita, kabla sijawasha moto nauliza nani hajaalikwa. Wakianza kutazamana, navuta kiti nakaa, nawasubiri waende kumwita. Na huwa wanaenda.