Tyubu Iliyowaka Chini ya Nyaya

Mvua ya rasharasha ikinyesha, nyaya za umeme mkubwa hutoa mlio wa kukaanga, kama mafuta ya moto yakipokea kitunguu. Utoto wangu ulisikika hivyo. Nyumba yetu ya Matungu ilikuwa ukingoni mwa shamba la miwa, na mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja nguzo za chuma zilisimamishwa katikati ya miwa ile, nyaya zikapita hatua chache tu kutoka jikoni kwa Mama. Asubuhi za ukungu mlio ulizidi, ukachanganyika na harufu ya molasi na moshi wa kuni mbichi. Wote tuliuzoea, isipokuwa Baba. Yeye aliamini kwamba kitu kinachonguruma mchana kutwa bila kuchoka hakiwezi kuwa na nia njema na watu.

Mdogo wangu Nerima, wa miaka minane, alikuwa na kifafa tangu kabla ya nguzo hizo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hatukuficha. Mama alimpeleka zahanati, akapewa vidonge vyeupe vya kumeza kila jioni baada ya obusuma, yaani ugali, na miezi ikapita bila kuanguka. Kisha nyaya zikatiwa umeme, na wiki ya pili yake akaanguka mara mbili. Alikuwa na malaria wiki ile, na leo najua kwamba homa humchokoza mwenye kifafa. Wakati ule tulijua jambo moja tu, kwamba stima imepita.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sijalisamehe. Watoto wa jirani walikuwa wamegundua kwamba taa ndefu ya tyubu, ukiishika chini ya nyaya zile giza likianza kuingia, huwaka yenyewe mkononi. Niliokota moja nyuma ya duka, nikaisimamisha kati ya miwa, ikatoa mwanga hafifu. Nikamwita Baba. Alikuwa mtu mgumu wa kushangaa, nami nilitaka nimshangaze japo mara moja. Aliitazama tyubu ile mpaka mkono wangu ukachoka.

"Kama inawasha hii bila waya," akasema, "kichwa ya Nerima itabaki namna gani?"

Jikoni, Mama alimwuliza habari za vidonge.

"Vidonge itashindana na stima? Mtoto atoke hapa, basi."

Kesho yake Nerima alipelekwa kwa senge, dada yake Baba, upande wa Malava, ambako umeme ulikuwa haujafika. Vidonge vilibaki juu ya kabati, kwa kuwa mtoto aliyeondolewa kwenye ugonjwa, kwa hesabu ya Baba, hakuhitaji dawa yake. Siku za kwanza senge alipiga simu kusema anacheza vizuri, na Baba akawa anatembea kichwa juu. Siku ya tisa Nerima alianguka, akatetemeka bila kukoma. Walimpakia pikipiki, lakini hakufika hospitali. Alirudishwa kwetu, maana mtoto huzikwa kwa baba yake, na mahali palipobaki bila miwa palikuwa nyuma ya jikoni. Siku ya mazishi ilinyesha rasharasha, na mchungaji alilazimika kupaza sauti ili asikike.

Sasa ninaishi Kakamega mjini. Mwaka jana nilimwuliza daktari wa mishipa ya fahamu swali nililolibeba miaka yote. Alinieleza kwa upole kwamba nguvu kali mno ya sumaku inaweza kusisimua mishipa hiyo, lakini ile inayotoka kwenye nyaya kama zetu ni ndogo sana, wala hajaona ushahidi kwamba huleta kifafa. Tyubu huwaka kwa gesi iliyomo ndani, akasema, na kichwa cha mtoto si tyubu. Kwa kukisia kwake, Nerima aliuawa na kuachishwa dawa ghafla. Maji yakimwagika hayazoleki.

Krismasi nilimkuta Baba ameketi nyuma ya jikoni, mzee. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nimemwona daktari. Yeye humwambia kila mgeni kwamba nyaya zilimla mtoto wake.

"Daktari alisema aje?" akaniuliza.

Nikaona kwamba nikiziondoa nyaya, hapatabaki wa kulaumiwa ila yeye, na mimi na tyubu yangu.

"Alisema ni nyaya, Papa."

"Nilijua," akasema, na tukakaa hapo kando ya kaburi tukizisikiliza.