Siku Mama Mkubwa Alipomkuta Yosti Chumbani Kwangu

Nakiri mapema, ili mcheke mkijua, kwamba wa kulaumiwa ni mimi, maana swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa dogo tu, nimwambie Mama kwamba nimepata kazi au nisubiri kwanza, na mimi nikachagua kusubiri.

Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, nilipotoka tu chuoni, nilipata kazi Dar, Mama akautangazia mtaa wetu wote hapa Ngamiani, akapika pilau la shukurani, na wiki mbili baadaye kazi ikafa (mradi uliahirishwa, sikukosea kitu, lakini nenda kamweleze hivyo kila anayekusimamisha sokoni). Nikarudi nyumbani na begi lile lile. Kwa hiyo kampuni moja ya Uholanzi iliponichukua kwa majaribio ya miezi mitatu, niwapangie ratiba za miradi yao nikiwa hapa hapa Tanga, nikajiambia Mama atajua nikishathibitishwa. Kwa sasa nikamwambia nasoma.

Kazi yenyewe ni hii: wao wanakarabati daraja, mimi napanga shughuli ipi itangulie, ipi ifuate, na moja ikichelewa zinachelewa ngapi nyuma yake. Mkuu wangu anaitwa Joost, Yosti kwa tunavyotamka sisi, mtu mpole asiye na maneno mengi. Kila siku saa nane mchana tunakutana kwenye kompyuta. Nami, kwa kuwa kila jambo hulifikiria mara tano, niliandika orodha ya yote yanayoweza kuniharibia: umeme, bando, mvua juu ya bati, jogoo wa jirani. Yalifika arobaini na moja. Mama hakuwemo.

Sasa mfikirieni Mama. Binti yake aliyekwisha kukataa posa mbili, kila mchana anajipaka wanja, anavaa koti zuri juu na kanga chini, anajifungia chumbani, halafu anasikika akiongea kwa sauti laini na kucheka kidogo kidogo, na wakati huo simu yake iko sebuleni inachaji. (Vipokea sauti vyangu havionekani, viko ndani ya mtandio.) Na jina linalorudiwarudiwa ni Yosti.

Mama hakuniuliza. Alimpigia dada yake, Mama Mkubwa, kule Moa, na Mama Mkubwa hakutaka maelezo marefu. Hilo ni jini mahaba, akasema, tena la kigeni.

Alikuja Jumatano na ustadhi wa kwao, siku ya kuwasilisha ratiba kwa wenye mradi. Nyuso tisa kwenye kioo cha kompyuta. Yosti alishanidokeza kwamba wakiikubali, nami huenda nikathibitishwa. Nilikuwa hoi, usiku uliopita niliikagua ratiba ile mpaka mistari ikaanza kucheza. Mzee mmoja akauliza: vyuma vikichelewa siku saba, daraja litafunguliwa lini? Jibu nilikuwa nalo. Nikafungua mdomo, na mlango nao ukafunguka (komeo letu hufunguliwa kwa kisu cha jikoni, hilo nalo halikuwa kwenye orodha).

Alitangulia Mama Mkubwa na chetezo cha ubani, moshi umemtangulia yeye. Nyuma yake Mama, na chupa ya kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Ustadhi alibaki kizingitini kwa heshima, anasoma taratibu. Mimi nikasimama, na hapo nilikosea, maana kamera ikaiona kanga. Nikawaambia wale wa kwenye kioo, kwa Kiingereza, wanipe dakika moja.

"Umesikia?" Mama Mkubwa akamwambia Mama. "Si yeye huyo anayeongea."

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Niko kazini."

"Marahaba. Kazi gani ya chumbani, koti na kanga? Mmwagie, mdogo wangu."

Mama akamwaga. Usoni, kwenye koti, kwenye kompyuta. Nikajirudisha nyuma, waya wa vipokea sauti ukachomoka, na mimi sikuona.

Ustadhi akauliza kwa upole kutoka mlangoni, "Ewe uliyemo, jina lako nani?"

Na kutoka mezani, ndani ya moshi, sauti nzito ya kiume ikasema kwa Kiingereza, "Saumu? Ni Joost. Uko salama?"

Mama Mkubwa akaangusha chetezo. Mama akakaa chini pale pale alipokuwa. Ustadhi ndiye aliyeingia, akapunga moshi kwa mkono, akainama mbele ya kioo, akaweka kofia yake sawa.

"Assalaam aleikum," akasema.

Kulikuwa na kijana mmoja mwenye ndevu, msimamizi wa mafundi, ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno mkutanoni. Akajibu, "Waaleikum salaam."

Ustadhi akageuka. "Hawa ni watu, mama zangu. Tena mmoja ni Muislamu."

"Wote tisa?" Mama Mkubwa akauliza. "Wote hao anao yeye peke yake?"

Kisha kompyuta ikazima.

Nikakaa kitandani, zafarani inanichuruzika shingoni, nikaanza kutunga uongo wa kumpa Yosti. Nilipata saba, na kila mmoja ulihitaji mwingine wa kuushikilia, nikachoka. Uchovu ule ndio ulioniamulia. Nilikwenda sebuleni, nikachomoa simu, nikamketisha Mama kando yangu, nikampigia Yosti na kumweleza yote bila kuficha, jini na kombe, na kila sentensi nikamtafsiria Mama.

Yosti akasema wenye mradi bado wapo, wanasubiri jibu lao.

"Siku nne baadaye," nikasema. "Si saba. Tatu niliziweka akiba."

Nilipokata simu nikaenda kunawa zafarani, na niliporudi Mama akasema, "Kumbe ni kazi kweli."

"Ya majaribio. Imebaki wiki tano, na baada ya leo wanaweza kuniacha. Tafadhali usimwambie mtu."

Mama akaangalia dirisha la upande wa jirani. "Bi Zainabu nimeshamwambia, sasa hivi, dirishani. Ilibidi, mwanangu, maana la jini pia nilimwambia."

Sijifungii tena. Kesho yake saa saba na nusu niliihamishia meza sebuleni, na kompyuta ya kuazima, mlango wazi. Kazi hii ikifa, itafia hapo, Mama akichambua mchele pembeni na Bi Zainabu akichungulia dirishani kumtafuta Yosti ni yupi.